Tairi Uliyochongesha

Mjukuu wangu Lemayian,

Supa. Sisi hapa Kisaju tuko salama. Mvua imeanza, ng'ombe wako na nyasi, na mamako amepona kifua. Habari nzuri imeisha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Uliniambia kwa simu, tena ukicheka, kwamba tairi ya nyuma ya pikipiki yako ilikuwa imeisha ikabaki kipara, ukaichongesha mistari kwa kisu cha moto ionekane mpya. Ukaniuliza, "Koko, si babako alikuwa anachonga viatu vya akala kwa tairi kuukuu? Si ni kitu kimoja?"

Kitu kimoja! Nikiwa msichana, jirani alimletea baba tairi yenye kipara kama kichwa chake mwenyewe, akataka akala zenye mistari. Baba akamchongea. Halafu akamwambia, "Hizi ni za kiangazi. Kisu hakiongezi mpira, kinaupunguza. Mvua ikinyesha, zivue." Na yule mzee alisikia. Nilimwona akipita kwa matope nyuma ya mbuzi wake, miguu mitupu, akala mkononi, bila aibu.

Huyo alikuwa wa kutembea tu. Akianguka, anajichafua peke yake. Wewe unapakia abiria, mama na mtoto wake, unateremka huko Ngong lami ikiwa imelowa, na chini yenu kuna mpira mwembamba uliodanganywa kuwa mpya. Unacheka nini?

Mzee alivua akala. Wewe ukianza kuteleza, utavua nini?

Ni mimi, Koko wako.