Alama za Rangi ya Kucha

Ukumbi wa Juu,
Karakana ya Seremala.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima na mwenye usingizi wa kutosha. Kifua chako je, kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la shemeji yako, ambalo huuma siku za kubeba spika tu.

Kabla ya mengine, naomba radhi. Katika barua yako ya mwisho ulisema unampigia Mama kila Jumapili, naye anajibu "haya mwanangu, Mungu akuweke," kisha anakata. Sikukuamini. Mimi nikimuuliza habari zako, alikuwa akisema una kazi nyingi. Nikajua mmoja wenu ananidanganya, na kwa kuwa wewe ndiye uliye mbali, lawama nikakutupia wewe.

Sasa sikia mambo ya karaoke. Jumamosi alasiri ukumbi hujaa. Nafuata yote uliyonifundisha: spika mbele, mwimbaji nyuma yake, mablanketi ukutani kupunguza mwangwi, na hakuna kuziba kichwa cha mikrofoni kwa kiganja. Mwalimu mstaafu, yule aliyetufundisha hesabu kwa kiboko, sasa anaimba nyimbo za mapenzi amefumba macho. Usicheke, anashangiliwa kweli.

Lakini tangu Januari ule mtambo wa kurekebisha sauti uliotuachia, ile mixa, umeingiwa na mkono wa mtu. Nauacha vizuri, Jumamosi naukuta vitufe vya sauti kali vimezungushwa hadi mwisho. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau mwenyewe. Mara ya pili mwalimu alifungua kinywa tu, spika zikapiga mluzi akaangusha mikrofoni. Akasema hapandi tena jukwaani mpaka mtambo wenyewe umwombe radhi. Wengine wakaanza kumfuata mlangoni.

Nikachukua rangi yangu nyekundu ya kucha, nikatia nukta pale kila kitufe kinapopaswa kukaa. Wiki iliyofuata vitufe vyote vilikuwa vimeziacha nukta zake. Basi nikaanza kuchunguza watu.

Wa kwanza fundi redio. Mtambo ukiharibika ndiye anayeitwa, na kila akija hutikisa kichwa kabla hata hajaufungua. Nikamuuliza, "Fundi, wewe huwa unaingia humu nisipokuwepo?"

"Dada, mimi nina mke, nina redio kumi na mbili mezani zinanisubiri, niingie humu kutafuta nini?"

Jibu refu mno kwa mtu asiye na hatia. Wa pili shemeji yako, ambaye karaoke haipendi, na ufunguo wa ukumbi unaning'inia jikoni jirani na koti lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku tatu nilimnunia, maskini, naye alikula kimya akidhani nimechoka.

Alhamisi asubuhi nikaaga kwamba naenda sokoni. Nikazunguka kwa nyuma, nikajibanza na kikapu changu nyuma ya pazia la ukumbi. Chini msumeno wa seremala ulikuwa ukinguruma. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Mama.

Aliwasha mashine kama mtu aliyeizoea, akazungusha vitufe kimoja kimoja, akavuta kiti hadi kwenye spika na kulilaza sikio lake pale. Ikatoka sauti yako, ile uliyorekodi siku ya kufunga mitambo, kabla hujasafiri: "Moja, mbili. Moja, mbili. Mama, unanisikia?"

Akajibu, "Nakusikia, baba."

Akairudisha, akajibu tena. Mara ya nne uvumilivu ukanishinda, nikatoka nikilia. Hakusikia hatua zangu. Nilimwita mara mbili nikiwa mgongoni kwake, hakugeuka.

Mdogo wangu, Mama masikio yamekwisha. Sisi hutusoma midomo, lakini simuni wewe ni mnong'ono tu. Husema "haya mwanangu" akikisia kwamba umemaliza. Alificha akiogopa kwamba ukijua hakusikii, utaacha kupiga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kaumbuliwa na mluzi wa spika, tumshukuru Mungu. Nimeona aibu sana kwa yote niliyokuwazia.

Jumanne nampeleka kwa daktari wa masikio. Kwa sasa usimpigie. Jirekodi, polepole, kinywa karibu na mikrofoni, umweleze unalala wapi na umekula nini, kisha uitume kwenye simu yangu. Acha nafasi katikati ya maneno, apate kujibu. Kila kitufe sasa kina nukta mbili: nyekundu ya waimbaji, nyeupe ya Mama. Mwalimu nimemwomba radhi kwa niaba ya mtambo, na jana ameimba nyimbo tatu.

Fundi, hata hivyo, bado namshuku. Mama hakuzaliwa akijua kuwasha mixa. Kuna aliyemwonyesha, na nikimtaja fundi, Mama hutazama dirishani.

Shemeji yako anakusalimu, goti nalo pia. Mwalimu anauliza kama bado unakosea kugawanya. Mama hajui kwamba nakuandikia, ila jana alikaa mbele ya spika akakuombea kwa sauti, ukingoni mwa kiti, kama anayekungoja umalizie. Mungu akuweke, na safari hii hakuna atakayekata.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekushuku bure.