Neno la Mshika Tindo

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya fundi viatu.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hujambo huko? Kifua kimepona? Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Tangu mke wangu afariki chumba kimekuwa kikubwa, lakini nalala.

Barua yako nimeisoma. Unasema neno "hit" la Kiingereza, la kupiga, zamani kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya lilikuwa na maana ya kukuta kitu, kukifikia. Niliwasimulia wenzangu kazini. Muuza chai akadakia, "Kumbe yule bondia wetu hakupigwa, alikutwa tu!" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Uliuliza na la kwetu, "piga." Sisi tunapiga kila kitu: simu, pasi, mswaki, hodi, hata usingizi. Lilikotoka sijui. Nalijua la kazini.

Tunabomoa zege la ghala kuukuu. Mmoja anashika tindo, ile patasi ya chuma ya kupasulia, mwingine ana nyundo kubwa. Mwenye nyundo hapigi mpaka mshikaji aseme "piga." Hata bosi apayuke, hapigi. Vidole ni vya mshikaji, na neno ni lake.

Anayenishikia ni mkwe wangu, mume wa binamu yako. Mwezi huu alianza kuchelewa kusema. Nainua nyundo, nasubiri mpaka mabega yanauma.

"Wewe, umelala?"

"Hapana, baba. Naweka sawa tu."

Chuma kilikuwa kimeshakaa sawa. Nikamwangalia vizuri. Alikuwa anavuta pumzi kwanza, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Hapo nikaelewa. Jicho langu la kushoto limeingia ukungu, na nyundo ilikuwa inaangukia pembeni. Sasa mkwe atamwambiaje baba mkwe jambo kama hilo? Angenyamaza mpaka vidole viishe, na wajukuu zangu wanakula kwa mikono ile.

Alhamisi nikampa nyundo. "Leo piga wewe."

"Baba uchuchumae, mimi nisimame juu yako na nyundo? Watu watasemaje?"

"Watachoka. Shika."

Hakuniuliza sababu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Nikachuchumaa. Mpwa, neno lile nimelisikia miaka yote, kulisema sijawahi. Nyundo ikiwa juu yako, kinywa kinakauka. Nilifikiri ya kwangu ndiyo kazi ngumu, kumbe mwenzangu alikuwa anafanya hivi kutwa nzima, na jicho langu analijua.

Nikasema, piga. Akapiga barabara.

Jumatano binamu yako atanipeleka kliniki. Usimwambie mama yako, atafunga safari kuja kunililia. Mpe salamu tu. Msalimie na kaka yako, mwambie aache uvivu wa kuandika.

Mungu akushike mkono huko ulipo.

Wako akupendaye,
Mjomba, sasa mshika tindo.