Mkoba wa Msomi

Tarehe 14 Januari

Amekubaliwa! Mwanangu amepokelewa shule ya watoto wote, darasa moja na wanaosikia, dawati la mbele kabisa!

Haya, sasa ndiyo nikusalimu, mdogo wangu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na hayo mashuka ya hospitali unayofua? Sisi wazima, tena wazima wa kujidai. Wale waliosema mtoto kiziwi akae nyumbani akunje nguo, leo nimewapita barabarani na binti yangu kavaa sare niliyoishona mwenyewe, marinda yamenyooka kama mistari ya daftari. Sikumsalimia mtu. Hapana, nadanganya. Nilimsalimia kila mtu, tena kwa sauti. Nyumba nzima sasa tunamwita Msomi.

Na rafiki ameshapata! Msichana wa dawati la nyuma alichanika sweta uwanjani, Msomi akamwonyesha kwa mikono: lete, mama atashona. Akaja nalo mkobani. Asubuhi yake yule mtoto akamshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Nimeona kwa macho yangu.

Dada yako,
Mama Msomi

Tarehe 2 Februari

Shikamoo dada,

Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Barua yako nimewasomea wenzangu wote hapa chumba cha kufulia, mpaka mpiga pasi akafuta machozi akaunguza shuka. Tumeisingizia pasi.

Ila nijibu kitu kimoja. Huyo rafiki ameshajua ishara yoyote? Ya maji, ya njoo, ya kumwita Msomi? Wanaongeaje?

Mbusu paji la uso.

Mdogo wako

Tarehe 20 Machi

Marahaba, mwenye maswali mengi,

U mzima? Sisi huku tunang'aa. Wewe unaniuliza rafiki mmoja, siku hizi ni darasa zima! Mkoba unarudi umevimba: zipu, mifuko, kola, pindo zilizofumuka. Asubuhi wanamkimbilia getini, wanamzunguka hata hapumui. Nitajie fundi mwingine ambaye mwanawe anapokelewa hivyo. Nawashonea bure, ni wanangu wale.

Ishara watajifunza tu, haraka ya nini? Juzi nilichungulia ua wa shule wakati wa mapumziko. Wenzake walikuwa wanaruka kamba, yeye amekaa ngazini, mkoba mapajani, kawashikia na masweta yao. Unaona wanavyomwamini?

Dada yako,
Mama Msomi

Tarehe 6 Aprili

Shikamoo dada yangu,

Natumaini hamjambo. Nisikilize kwanza, kukasirika utakasirika baadaye.

Huyo aliyekaa ngazini na masweta ya watu namjua. Ni mimi. Hapa hospitali kila mtu ananichekea akiniletea shuka, na hakuna anayenijua jina. Jaribu wiki moja tu, mkoba uende mtupu. Uone.

Tena huku kuna shule ya watoto wasiosikia. Nilisimama getini. Kimya, lakini uwanja mzima mikono inagombana, inataniana, inasengenya. Mmoja alichekeshwa mpaka akakaa chini. Mlete, dada. Atalala kwangu.

Mdogo wako

Tarehe 11 Juni

Marahaba, mdogo wangu,

Pole na mgongo. Nimechelewa kujibu. Nilikukasirikia, halafu nikachoka kukasirika. Mwanangu hapelekwi mbali kufichwa pamoja na viziwi wenzake. Nimeshawatangazia watu wote kwamba anasoma hapa, na wanaosikia.

Lakini nilijaribu. Mkoba ulikwenda mtupu. Siku ya kwanza walimzunguka getini, wakaufungua, wakachungulia, wakaingia zao. Baada ya hapo hawakumzunguka tena. Yule wa dawati la nyuma naye anapita kama anapita nguzo. Mwalimu wa darasa akaja mpaka kwangu: "Mama Msomi, cherehani imeharibika? Watoto wanaulizia."

Nikachangamka. "Wanamuulizia Msomi?"

"Cherehani," akasema.

Nimeanza tena kushona. Wewe ungefanyaje? Ila safari hii nimetumia akili. Nguo hazirudi shuleni. Nimewatumia salamu wazifuate hapa, wakae, wanywe soda, wacheze naye. Nimeazima mabenchi, nimefagia vipande vyote vya vitambaa, nguo nimezipanga mezani katikati ya chumba.

Leo asubuhi nikakuta Msomi amezihamisha. Amezipanga dirishani, upande wa barabara, kola zimeangalia nje, ili mtu achukue bila kuingia. Nikazirudisha mezani. Nimetoka kidogo kununua soda, narudi, ziko dirishani tena. Nikamuuliza kwa mikono, kwa nini? Akaonyesha nguo, akaonyesha barabara. Akayatazama mabenchi, akatikisa kichwa, kisha akaendelea kukunja. Hakulia. Anakunja vizuri sana, mtoto huyu.

Nimezirudisha mezani na dirisha nimelifunga. Soda zimo kwenye ndoo ya maji. Watakuja, nakwambia. Watakuja wote, Jumamosi.

Dada yako