Kufuli la Nje

Jumanne, baada ya isha

Tangu asubuhi nimeshinda na Kanuni ya Adhabu kwa ajili ya mteja mmoja mbishi, mzee mwenye duka hapa Temeke. Alimkuta mwizi kavunja mlango wa nyumba yake usiku. Badala ya kumpeleka polisi, akamfungia stoo siku mbili. Sasa ndugu wa mwizi wamemshtaki, na wakili ninayemsaidia anataka vifungu vyote mezani kesho.

Kuvunja nyumba usiku ni kosa zito, hilo nimelipata. Lakini kumfungia mtu nako ni kosa, awe mwizi, asiwe mwizi. Nimemweleza mara tatu!

"Nilimfungia kwa usalama wake," ananiambia. "Nje wangemchoma moto."

"Kwa hiyo, mzee, siku mbili zote walikuwa nje wanamsubiri?"

Jamani, watu wengine.

Nikazima simu ili nisome kwa utulivu.

Nimerudi nyumbani kichwa kinagonga, nikamkuta Mama amekaa nyuma ya geti la nondo, kajitanda khanga zake za msibani. Jirani yetu kafariki alfajiri, habari zimefika nishaondoka. Jeneza limepita mbele ya Mama, yeye kashika nondo. Tangu tuibiwe, mie hufunga geti kwa nje na kuondoka na funguo. Kanipigia weee, sipatikani.

"Ni kwa usalama wako, Mama," nikamwambia.

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Mama akavua khanga, akazikunja taratibu. "Mwizi alichukua tivii tu, mwanangu. Kutoka hakunizuia."