Nilimwambia Kaka Moshi Umekwisha

Mpendwa Bi Joha, naomba msaada wako, na gazetini pakijaa basi unijibu hata kwa barua, maana hapa Chamwino nimeshindwa kutulia, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka sijui niendako. Mimi na kaka yangu Matonya ni wachimba visima, yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na mwezi wa tano tulikodi pampu ya petroli, hizi zilizojaa mjini siku hizi za ruksa ya biashara, tukaitelemsha ndani ya kisima kwa sababu ukiiacha juu haiwezi kuvuta maji ya chini kabisa, ikanguruma mpaka maji yakaisha, tukaizima na kuipandisha. Kaka akajifunga kamba, akaniuliza, "Thobi, moshi umekwisha?" Sikuchungulia, Bi Joha, nilikuwa nakunja mpira wa maji na njaa inaniuma, nikamjibu, "Umekwisha, shuka."

Akashuka. Nikamwita, kimya, nikavuta kamba, nzito, nikapiga yowe, na mpaka watu walipofika tukamtoa alikuwa amelegea, anahema kwa mbali. Hospitali walimlaza wiki tatu, wakasema ubongo ulikosa hewa. Sasa anatembea, anakula, lakini kumbukumbu hana, kila asubuhi ananiuliza kamba iko wapi twende kazini, na kifafa kimemwanza, wakampa vidonge vya kumeza kila siku bila kuacha.

Sikuridhika. Nikaenda Dodoma mjini kwenye duka jipya la dawa, muuzaji akanionyesha kopo lenye picha ya kichwa, akasema, "Hii ni ya kukinga ubongo uliokosa hewa, imetoka ng'ambo, lakini usiichanganye na za hospitali, zitagombana." Basi nikavificha vidonge vya hospitali, nikamwambia shemeji yangu Dorothea kwamba daktari amebadilisha dawa, naye akanishukuru, akasema, "Shemeji, Mungu akuzidishie." Tangu hapo kaka ameanguka mara nne, ya mwisho karibu na jiko, mkono ukaungua. Nikarudi kwa muuzaji, akasema dawa ndiyo inapigana, niongeze. Niongeze au niache? Na Dorothea hajui hili wala lile la moshi, wote wanaamini kaka alishuka kwa haraka zake mwenyewe. Nifanye nini?

Thobias, Chamwino

*

Thobias mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika.

Nilimuuliza daktari ninayemwamini kuhusu kopo lako. Anasema wataalamu bado wanahangaika kutafuta dawa ya kukinga ubongo unapokosa hewa, na hata ikipatikana itabidi mgonjwa aipate mapema, hospitalini, si miezi baadaye kwenye kaunta ya duka. Kopo hilo halitamrudishia kaka yako kumbukumbu. Vile vidonge ulivyovificha ndivyo vilivyokuwa vinazuia kifafa, na kuvikatiza ghafla kunaweza kumuua. Usiniambie ulitaka kumponya. Ulikuwa unajitibu wewe, kwa mwili wake.

Usiongeze hata kimoja. Ukimaliza kusoma hapa, mpeleke hospitali leo hii, chukua dawa zote mbili, mwambie daktari siku uliyobadilisha. Usimrudishie dozi kwa kubahatisha. Akianguka njiani mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mwache atulie. Kisha kaa na Dorothea umweleze yote, la dawa na la moshi. Usimtume mchungaji wala mjomba. Atakachokuambia, kipokee, usijitetee. Na mwambie kila mchimbaji unayemjua: injini haiingii kisimani, na hewa ya shimo haipimwi kwa macho.

Hukutaka kumdhuru kaka yako pale kisimani, hilo nalijua. Lakini uongo wa dawa unaurudia kila siku.

Wako, Bi Joha

*

Wasomaji wangu, jibu hilo sikungoja zamu yake gazetini. Nilimkabidhi kondakta wa basi la Chamwino siku ileile. Juzi Thobias aliniandikia na kuniruhusu nichapishe yote. Daktari alimkaripia mbele ya foleni nzima, akamwanzishia Matonya dawa upya, na wiki ya tatu sasa hajaanguka. Kumbukumbu haijarudi.

Dorothea alimsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akabeba ndoo yake, akaenda kuteka maji. Siku tatu hakumsalimu. Siku ya nne alisimama mlangoni kwa Thobias, hakuingia.

"Kesho ni kliniki ya kaka yako," alisema. "Akianguka siwezi kumshika peke yangu. Njoo."

Natumaini ulikwenda, Thobias. Na kliniki ya mwezi ujao, usingoje kuitwa.