Sauti ya Kaka Masanja

Nkololo, Jumatano

Bado haijarudi. Miezi mitatu sasa kaka yangu Masanja, manju, mwimbaji kiongozi wa kundi letu la ngoma, anaongea kama bawaba iliyokosa mafuta. Leo asubuhi nimeona damu kwenye leso yake.

Jumamosi tunacheza ukumbi wa kijiji. Gari la matangazo limeshapita hadi mnadani likitaja jina lake.

"Kaka, twende hospitali Bariadi," nikamwambia.

"Wewe nawe! Daktari katokea Kilimanjaro huko, atajuaje dawa ya kufunga sauti?"

Anaamini wapinzani wetu wamemfunga sauti kwa uchawi. Mganga ameshamnywesha dawa mara mbili, na kila mara anasema imeingia vizuri. Inaingia kweli, kinachotoka ndicho kinachonitisha.

Kisha akanong'ona, "Mdogo wangu, kaa nyuma ya pazia uimbe. Mimi nitafungua mdomo tu."

Nimekubali. Nani humkatalia manju? Ila nikiimba vibaya, atazomewa na kijiji kizima. Nikiimba vizuri atashangiliwa, halafu ataniuliza hospitali ya nini wakati sauti ipo.

Nimejaribu kuimba kidogo humu ndani. Kwa bahati mbaya, nafanana naye sauti kabisa.