Tambarare Yetu Inalala Magharibi

Jumatatu, 3 Novemba
Chai bila sukari, kisha mabuti. Mvua tangu juzi. Huku juu kwetu maji hayana pa kwenda, yanakaa kama wageni wa msiba. Maharage ya Mama Daforoza, jirani yangu mjane, yameanza kuwa njano. Hana shamba lingine.

Jumanne, 4 Novemba
Kikao cha kitongoji. Mwenyekiti kaamua: tuchimbe mfereji kuelekea mashariki, maana bonde linaonekana huko. Anapima kwa jicho. Kila Mtanzania ana macho.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeazima mpira wa fundi ujenzi, ule mweupe wa kupimia levo, kujua ardhi inashukia wapi. Maji ndani, vijiti viwili. Nimepima mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Tambarare inalala magharibi, maji yatashukia huko. Magharibi kuna migomba yangu. Mfereji wa kweli unapita kwenye mashina kumi na moja.
Nimerudisha mpira. Sijamwambia mtu. Najichukia kidogo, si sana.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumechimba mashariki kutwa nzima. Mimi kuliko wote. Mwenyekiti akanichokoza: "Baba Yona, profesa wetu, leo huna la kupinga?" Watu wakacheka. Nikacheka nao. Mgongo unauma.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua kubwa mchana. Mfereji umejaa, maji yamesimama humo humo. Tumewachimbia vyura nyumba.
Mama Daforoza alikuwa kwenye matope, kanga imefungwa magotini, anachota kwa ndoo na kumwaga ng'ambo. Yanarudi. Anachota tena.
Ugali sikuumaliza.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimeazima mpira tena, nikawaita wote. Mwenyekiti alitazama maji kwenye ncha zote mbili, muda mrefu.
"Hili umelijua lini?"
"Alhamisi."
"Alhamisi!" Mama Daforoza huyo. "Na Jumamosi ukachimba na sisi, unatoka jasho!"
Akaninyooshea mkono.
"Lete panga," akasema.
Nilidhani ni la kunikata mimi. Akaelekea kwenye migomba.

Jumatano, 12 Novemba
Yameanguka mashina tisa. Mawili Mama Daforoza kayaacha, kaupindisha mfereji mwenyewe kwa jembe, bila kusema kwa nini.
Maji yanashuka magharibi polepole. Maharage ya upande wa chini yamekufa. Ya juu yamesimama.

Ijumaa, 14 Novemba
Jua. Mama Daforoza kapita njiani asubuhi. Siku nne hajanisemesha.
"Mwakeye," kanipa salamu ya asubuhi ya kilugha chetu, bila kusimama.
Nimeitikia haraka mno. Kisha nikabaki pale mlangoni, namwangalia akipalilia.